UZI: Kifafa cha mimba. Ndugu wa mjamzito, dalili hizi mnaziona nyie kabla yetu sisi wa wodini

#1 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni nesi mkunga, niko wodi ya wazazi, mkoa siutaji. Uzi huu siwaandikii wajawazito wenyewe, maana hao kliniki tunawafundisha mpaka wanasinzia kwenye benchi. Nawaandikia waume, mawifi, mama wakwe, dada wa kazi, hata mpangaji wa chumba cha pili.

Sababu ni moja. Mwanamke anayeelekea kwenye kifafa cha mimba mara nyingi ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa. Kichwa kikimgonga, anasema ni jua la jana. Chembe ya moyo ikimbana, anasema ni maharage. Macho yakiweka ukungu, anasema sijalala vizuri. Na kila sababu anayoitoa inaingia akilini, kwa hiyo nyumba nzima inaridhika. Mimi namuona akishafika kwenye machela. Nyie ndio mnaolala naye, mnaokula naye, mnaojua sauti yake ya kila siku ikoje.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe. Ni degedege linalomshika mjamzito au aliyejifungua karibuni, presha ikiwa imepanda. Hiki si kile kifafa ambacho mtu anakuwa nacho miaka nenda rudi. Chanzo chake ni kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, mishipa ya damu ya mji wa mimba inatakiwa itanuke ili kondo lipate damu ya kutosha. Isipotanuka vizuri, kondo linakosa damu, na linaanza kumwaga kwenye mwili wa mama vitu vinavyoumiza kuta za ndani za mishipa yake, kuanzia kichwani mpaka kwenye figo. Ndiyo maana dalili zake zimetawanyika na hazifanani: figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ini linavimba, ubongo unavimba, presha inapanda. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, presha ikifika 140/90 tunaanza kufuatilia kwa karibu. Ikifika 160/110 hiyo ni dharura, hata kama mwenye presha anacheka na ameshika sahani ya chipsi.

Sasa mnaona nini huko nyumbani? Kichwa cha kawaida kinapoa kwa panadol na usingizi. Hiki hakipoi. Utamkuta amejifunga kanga kichwani kwa nguvu, anaomba taa izimwe, watoto wanyamaze. Macho nayo: anaona vimulimuli, ukungu, au kitu kimoja anakiona viwili. Kuna mama mmoja aliletwa kwetu na mama mkwe wake kwa sababu ya chai. Alikuwa anamimina, chai inatua pembeni ya kikombe. Bibi akamuuliza, "Wewe, unaona?" Akajibu naona, ila vikombe vimekuwa viwili. Yule bibi hakujadili, alichukua mkoba na kadi ya kliniki wakatoka. Tulipompima mkwe wake ilikuwa 180 juu. Kifafa hakikumpata, kwa sababu sindano ilimwahi.

Maumivu ya tumbo la juu ndiyo yanayodanganya watu kuliko yote. Yanakaa kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, pengine na kutapika. Kutapika mimba ikiwa na miezi miwili ni kawaida, lakini kukianza upya mwezi wa nane si kichefuchefu cha mimba tena. Wengi wanapewa dawa za vidonda vya tumbo dukani, wanapoteza siku mbili. Hapo ini ndilo linalolia.

Halafu uso. Pete iliyokuwa inavuka jana leo haivuki, kope zimejaa asubuhi, picha ya wiki iliyopita na sura ya leo ni kama watu wawili tofauti. Mkojo unapungua na kuwa na rangi ya chai ya rangi. Anahema akilala chali. Anajibu maswali kama mtu aliye mbali. Moja tu kati ya haya inatosha kwenda kupimwa usiku huo huo. Msingoje zitimie zote.

Na jambo ambalo limenifanya niandike: kujifungua hakuifungi hatari. Watu wanasikia "dawa yake ni kuzaa", na ni kweli kondo likitoka chanzo kimetoka, lakini mwili unachukua muda kutulia. Baada ya kuzaa, presha huwa inapanda juu kabisa kati ya siku ya tatu na ya sita, kwa sababu maji yaliyokuwa yamejikusanya mwilini yanarudi kwenye damu. Hebu piga hesabu. Aliyejifungua salama anaruhusiwa baada ya saa 24. Kwa hiyo kile kilele cha presha kinamkuta nyumbani, kwenye mtori na uji wa pilipili manga, wageni wamejaa sebuleni, kila mtu anamshika mtoto na kuuliza kafanana na nani. Mama yuko chumbani kajifunika. "Mwacheni apumzike, amechoka." Kifafa kinaweza kuja mpaka wiki sita baada ya kuzaa, ingawa wengi kinawapata ndani ya siku mbili za mwanzo.

Karibuni kwa maswali. Nipo zamu, nikichelewa kujibu mjue kuna mtoto anakuja.

#2 – Fundi Bomba

Shukrani sana dada nesi. Swali: wangu amevimba miguu tangu mwezi wa saba, viatu vyote havimuingii, kashika ndala zangu. Mama anasema ni uzito tu. Niogope?

#3 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Mama yako ana haki kwa sehemu kubwa. Miguu pekee huvimba kwa wajawazito wengi, hasa jioni, na asubuhi inapungua. Ninachotaka mkiangalie ni uvimbe uliopanda usoni na mikononi, au uliokuja kwa kasi ndani ya siku chache. Lakini kuna upande wa pili wa hilo: wapo wanaopata kifafa bila kuvimba hata kidole. Kwa hiyo usitumie miguu kama kipimo cha kumtisha wala cha kumpa moyo. Kipimo ni mashine ya presha na kile kijikaratasi cha mkojo. Fungua kadi yake ya kliniki, tafuta safu ya presha na ya albumini (protini) ya mkojo. Kama mahudhurio mawili yaliyopita safu hizo ni tupu, kesho nenda naye, na uombe kwa heshima zijazwe.

#4 – Mama Wawili

Nimesoma nikiwa nimesimama jikoni, imenibidi nikae. Mdogo wangu alijifungua salama, tukamleta kwa mama yetu alelewe. Siku ya tano akaanza kusema taa inamuumiza macho. Tukafunga mapazia. Usiku akakakamaa, povu, macho juu. Shangazi akasema uzazi una maadui, hayo ni mashetani, aitwe mtu wa kusoma. Wengine wanawasha njiti za kiberiti anuse moshi, mwingine anatafuta kijiko amtie mdomoni.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani, mwanafunzi wa udaktari. Alisimama mlangoni akauliza swali moja: amezaa lini? Kusikia siku tano akasema huyu ni hospitali sasa hivi, na dua msome ndani ya gari. Shangazi hakukasirika, alipanda, akasoma njia nzima. Mdogo wangu yu hai. Ila kabla ya hapo tulikuwa tumeshapita zahanati moja jioni ile kwa ajili ya kichwa, akapewa panadol, hakuna aliyemfunga mkanda wa presha mkononi. Kwa sababu hana mimba tena.

#5 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Pole sana dada, na huyo kijana Mungu amlipe. Swali lake wote mlishike: *amezaa lini?* Mkifika popote na mwanamke mwenye kichwa, msiseme tu "anaumwa kichwa". Semeni "amejifungua siku tano zilizopita na kichwa hakipoi". Sentensi hiyo inambadilisha anayewapokea. Asipopima, ombeni mkanda.

Kuhusu kijiko na kiberiti. Mtu akishaanza degedege mgeuze ubavu wa kushoto, mate na matapishi yatoke yenyewe. Ondoa vitu vya kumuumiza. Usimkandamize, usimtie chochote mdomoni, usimpe maji wala uji hata akizinduka, kwa sababu anaweza kupaliwa. Mengi hupita ndani ya dakika mbili hivi, na watu wakiona ametulia wanapumua na kuahirisha safari mpaka asubuhi. La pili linaweza kuwa njiani. Ondokeni.

#6 – Kizito wa Mlimani

Sitaki kuharibu uzi, ila tuwe wakweli. Bibi zetu wamezaa kumi kumi nyumbani bila mashine wala mkojo kupimwa. Siku hizi kila mimba ni ugonjwa. Nyie wa hospitali mnatutia hofu.

#7 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Kizito, bibi aliyezaa kumi ndiye aliyebaki kukusimulia. Muulize wenzake wa rika lake walizikwa wangapi na mimba. Kwa nchi yetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukasema 104. Wanawake hawakubadilika miili ndani ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni nani anazalia wapi, na anafikishwaje.

Na duniani kote, shinikizo la damu la mimba liko nyuma ya kutokwa damu tu kwenye orodha ya vinavyoua wazazi. Hofu siipendi hata mimi, wajawazito wengi sana hawatapata hiki kitu. Ila sina njia ya kukuambia usoni ni yupi.

#8 – Mtoto wa Pwani, Houston

Kuongezea hapo kwa Kizito. Huku Marekani nilipo, Tori Bowie mnamkumbuka? Bingwa wa dunia wa mita 100 London 2017, medali tatu Rio 2016. Mwanariadha, mwili chuma. Mwaka 2023 alikutwa amefariki nyumbani kwake akiwa na mimba ya miezi minane, umri miaka 32. Ripoti ya mchunguzi wa vifo ilitaja kifafa cha mimba miongoni mwa vilivyowezekana kuwa chanzo. Alikuwa peke yake. Mwenzake wa mbio, Allyson Felix, naye alipata presha ya mimba mwaka 2018, wakamtoa mtoto kwa upasuaji wiki ya 32, leo wapo wote. Tofauti ni kwamba Felix alikuwa kliniki siku hiyo wakaona.

Kwa hiyo si umaskini peke yake, wala si kukosa mazoezi.

#9 – Bodaboda wa Usiku

Mimi naongezea la usafiri maana ndiyo kazi yangu. Kwa Tanzania kuna namba 115, ni bure, ni ya mfumo wa m-mama. Unapiga, wanakuuliza dalili, wanaangalia gari la wagonjwa liko wapi, na kama hakuna wanamtuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, halipwi na wewe. Watu wengi hawaijui, wanakuja kugonga kwangu saa nane usiku nimbebe mama mwenye degedege kwenye pikipiki. Nimekataa mara nyingine na nikaonekana katili. Atakaaje? Nani atamshika? Pigeni 115 kwanza, huku mnatafuta gari la mtaani. Lolote litakalotangulia.

#10 – Bi Mwanasha wa Likoni

Assalaam aleikum. Mie niko Mombasa. Binti yangu mimba ya kwanza alipatwa na presha hii, mtoto alizaliwa mdogo sana lakini alhamdulillahi anasoma sasa. Yuataka kuzaa tena. Jirani yaniambia apunguze chumvi kabisa na alale mwezi mzima. Mwengine asema kuna aspirini. Wewe wasemaje mwanangu?

#11 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Waaleikum salaam, shikamoo mama.

Chumvi ya kupita kiasi haimfai mtu yeyote, lakini kumnyima chumvi hakuzuii kifafa cha mimba. Kulala kitandani mwezi mzima nako hakuzuii, na kunaweza kumgandisha damu miguuni. Aspirini ni kweli. Ile ya dozi ndogo, 75 hivi, hutolewa kwa aliyewahi kupata tatizo hili, mwenye mapacha, mwenye presha au kisukari tangu zamani, mwenye ugonjwa wa figo. Inatakiwa ianze mapema, tangu wiki ya 12, na kabla ya wiki ya 20. Ndiyo maana binti asisubiri tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Aende mara tu anapokosa siku zake, aseme mwenyewe: "Mimba iliyopita nilipata presha." Daktari ndiye atakayempa, asinunue dukani akajipimia. Na penye lishe yenye madini chokaa kidogo, vidonge vya kalisi navyo husaidia.

Na hata asipozaa tena, mama, presha yake ipimwe kila mwaka. Aliyewahi kupitia hili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na maradhi ya moyo baadaye.

#12 – Mzaramo Halisi

Hiyo sindano mnayosema ndiyo ipi? Wifi yangu alichomwa akasema mwili uliwaka moto, tukadhani wamekosea dawa.

#13 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Magineziamu salfeti. Hawakukosea. Ikiingia kwenye mshipa mwili unawaka kweli, uso unakuwa mwekundu, mdomo unakauka. Halafu inachomwa kwenye makalio yote mawili, na hiyo inauma, sitakudanganya. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Utafiti mkubwa uitwao Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, majibu yalitoka 2002: ilipunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Tunapompa tunamuwekea mpira wa mkojo, tunahesabu pumzi zake, na tunamgonga goti na kinyundo. Ndugu wakiona nesi anagonga goti wanacheka, wanasema huyu anatafuta nini. Goti likiacha kuruka, dawa imezidi, tunasimamisha. Kwa hiyo mkimuona nesi hajapita muda mrefu, mkumbusheni bila aibu.

#14 – Fundi Bomba

Dada nesi nimerudi. Nimemsomea mke wangu uzi huu sasa hivi, akanyamaza. Kumbe kichwa kinamuuma tangu juzi, hakutaka kunisumbua kwa sababu nina kazi ya mbali. Ana wiki 35. Panadol kameza. Anasema na "vitu kama nzi" vinapita machoni. Tusubiri asubuhi kliniki ifunguliwe?

#15 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Hapana. Kliniki ni ya mchana, wodi ya wazazi haifungwi. Chukua kadi, kanga, simu yenye chaji, mtu wa damu yake mmoja. Piga 115 au chukua bajaji, nendeni hospitali yenye chumba cha upasuaji kama ipo karibu. Mkifika useme: wiki 35, kichwa siku mbili, anaona vitu machoni. Usiandike tena hapa mpaka amepimwa.

#16 – Mama Wawili

Tunasubiri Fundi.

#17 – Kizito wa Mlimani

Fundi tujulishe mkuu.

#18 – Fundi Bomba

Samahani, chaji iliisha. Presha ilikuwa 164/112, mkojo una protini alama tatu. Wamemlaza, kachomwa ile ya makalio, kanilaumu mimi kwa maumivu. Wanasema wanaitazama presha na mtoto, huenda wakamuanzishia uchungu. Mapigo ya mtoto nimeyasikia kwenye kile kidude. Mama yangu kaja na chupa ya uji, kaambiwa asimpe kitu kwanza, kakasirika.

#19 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Umefanya la mwanaume. Mwambie mama uji wake utahitajika sana, si leo tu.

Sasa sikia la mbele, kwa sababu akizaa utaona kama yamekwisha. Usikubali atoke kwa haraka ya kitanda kujaa bila kuambiwa presha yake ya mwisho ni ngapi na dawa anameza mpaka lini. Kama kapewa vidonge vya presha, haviachwi kwa sababu anajisikia vizuri. Kurudi kupimwa ni ndani ya siku tatu za mwanzo, halafu wiki ya kwanza hadi ya pili, halafu wiki ya sita. Wageni waje, ila awepo mtu mmoja nyumbani ambaye kazi yake ni kumuuliza mama, si mtoto: kichwa vipi, macho vipi, hapa kwenye chembe vipi, umekojoa? Asubuhi na jioni.

#20 – Fundi Bomba

Hiyo kazi nampa dada yangu, ana mdomo. Na mashine ya presha nimeona dukani ya kuvaa kama saa, ni ndogo, nichukue hiyo?

#21 – Mkunga wa Zamu ya Usiku

Acha ya kifundo, zinapotosha sana. Chukua ya kufunga juu ya kiwiko, na uangalie ukubwa wa mkanda: mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, namba inapanda juu ya uongo. Akae dakika tano ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Dada yako naye anyamaze kidogo hapo. Andikeni namba na saa kwenye daftari, siku ya kurudi mje nalo. Ikisoma 140/90 kwenda juu, mje siku hiyo hiyo. Ikifika 160 juu au 110 chini, mnakuja saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku na mtoto ndiyo kwanza amelala.